Machungwa ya Muheza na neno "isizidi"

Wanafunzi wangu wa sekondari hapa Tanga hawashindwi kukokotoa. Waandikie ubaoni 80x + 9,500 ≤ 40,000, jibu utalipata kabla hujaweka chaki mezani. Wape habari hiyohiyo kwa maneno, kalamu zinasimama. Kinachowakwamisha ni kusoma, kwa hiyo mimi huanzia kwenye lugha.

Juzi niliwapa hili. Mama anafuata machungwa Muheza kuja kuyauza Ngamiani. Ana mtaji wa shilingi 40,000. Tuseme nauli na mzigo vinakula 9,500, na shambani chungwa ni shilingi 80. Matumizi yasizidi mtaji. Wengi waliona "zidi" wakaandika >. Nikawaambia watazame ile "si" iliyo katikati: imeligeuza neno, na tena imeacha nafasi ya kuwa sawa. Anayetumia 40,000 kamili hajazidisha. Lakini ningesema "chini ya 40,000", hiyo kamili ingekatazwa. "Isipungue" nayo ni vivyo hivyo, kwa upande wa pili: ≥.

(Alama < na > zilichapwa mwaka 1631 katika kitabu cha Mwingereza Thomas Harriot, miaka 10 baada ya kifo chake. "Au sawa na" ilipata alama yake kwa Mfaransa Pierre Bouguer mwaka 1734. Karne nzima ilipita, kwa hiyo simlaumu mtoto anayeisahau.)

Basi x ni idadi ya machungwa. Si "machungwa" tu, idadi yake. Ukitoa 9,500 inabaki 80x ≤ 30,500, yaani x isizidi 381.25. Hakuna robo ya chungwa, na 382 hayanunuliki, kwa hiyo ni 381.

Sasa mama anataka faida isiyopungua 16,000, akiuza fungu la matano kwa 750, yaani 150 kila moja:

150x − 80x − 9,500 ≥ 16,000

Hapo x inaanzia kama 364.29. Safari hii tunapanda, 365, kwa sababu 364 hayafikishi faida. Kanuni ya kukadiria desimali haisaidii hapa. Hali ya mama ndiyo inayoamua kupanda au kushuka. Anunue kuanzia 365 hadi 381.

Binti mmoja wa nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, na yakioza kumi?"

Swali zuri kuliko langu. Yanayouzwa ni x − 10, ila yaliyolipiwa ni x yote:

150(x − 10) − 80x − 9,500 ≥ 16,000

Inatoka 70x ≥ 27,000, yaani machungwa 386, na mtaji unakomea 381. Hakuna namba inayotimiza masharti yote mawili. Darasa likanyamaza, kisha wakaanza kubishana kuhusu bei ya fungu. Kwa 800 fungu, machungwa 339 yanatosha.