Rothschild: familia iliyotoka nyuma ya malango

Wengi wetu jina Rothschild tumelipata kwa njia mbili: kwa twiga wa Rothschild wa Uganda na Kenya, aliyepewa jina la Walter Rothschild, mtaalamu wa wanyama kutoka familia hiyo ya Kiyahudi yenye benki huko Ulaya, na kwa zile jumbe za WhatsApp zinazodai kwamba ukoo huu unamiliki benki zote za dunia. La twiga ni kweli. La pili ni uongo, na sisi tunaofundisha historia ya fedha tuna wajibu wa kueleza ulikotoka.

Mayer Amschel Rothschild, mwanzilishi wa biashara ya familia, alizaliwa Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1744. Wayahudi wa mji huo walilazimishwa kuishi Judengasse, kichochoro kimoja chembamba kilichojaa watu pomoni. Malango yake yalifungwa usiku, Jumapili na sikukuu za Wakristo. Kilimo kilikatazwa, na vyama vya mafundi havikuwapokea. Walichoachiwa ni uchuuzi, kukopesha na kubadilisha fedha. Anayeuliza kwa nini Wayahudi waliingia katika shughuli za benki, ayatazame kwanza malango hayo.

Mayer alianza kwa kuwauzia wakubwa sarafu za kale. Kisha wanawe watano wakatawanyika: Amschel akabaki Frankfurt, Salomon akaenda Vienna, Nathan London, Carl Naples na James Paris. Waliandikiana Kijerumani kwa herufi za Kiebrania, kwa hiyo hata barua ikifunguliwa njiani, wengi hawakuweza kuisoma. Mwaka 1818 Nathan aliipatia Prussia, dola la Kijerumani, mkopo wa pauni milioni 5, na riba ikalipwa London kwa pauni. Mwenye akiba Mwingereza aliweza kuikopesha serikali ya mbali na kuchukua faida yake nyumbani, kwa fedha anayoijua. Kwangu mimi, huo ndio ubunifu wao mkubwa.

Sasa tuone ule uongo ulikotoka. Mwaka 1846 kilitoka Paris kijitabu kilichodai kwamba Nathan alishuhudia vita vya Waterloo mwaka 1815, ambapo Napoleon wa Ufaransa alishindwa, akavuka bahari yenye dhoruba na kuvuna mamilioni katika soko la hisa kabla habari hazijafika. Nathan hakukanyaga Waterloo. Tena, vita kumalizika ghafla kuliwakuta ndugu hao na dhahabu nyingi waliyoinunua wakitarajia vita virefu, na sasa haikuhitajika tena kwa vita.

Benki zenye jina lao zingalipo, ila ni ndogo mno zikilinganishwa na benki kubwa za Marekani au China. Tawi la Naples lilifungwa mwaka 1863, la Frankfurt mwaka 1901. La Vienna lilinyang'anywa: mwaka 1938 Wanazi walimkamata Louis Rothschild, mkuu wa tawi hilo, wakamshikilia zaidi ya mwaka mmoja hadi alipokubali kuwaachia mali yake. Mwaka 1940 wakatoa filamu ya propaganda kuhusu familia hii, na ndani yake ikarudi ile hadithi ya Waterloo.