Nazali silabi: kwa nini Mtwara si Mutwara

Mtwara ina silabi tatu: m, twa, ra. Anayeichukulia ile m ya mwanzo kuwa silabi kamili, akafunga midomo na kuipa muda wake kabla ya kuendelea, hapati shida yoyote. Asiyejua hilo huingiza irabu ya msaada, na ndiyo maana tunasikia Mutwara, Imtwara, au ile ya wageni wanaosoma herufi moja moja, Em-twara.

Wanaisimu huiita m ya namna hii nazali silabi. Nazali, au king'ong'o, ni sauti ambayo hewa yake hupitia puani: m, n, ny na ng'. Silabi nyingi za Kiswahili huishia na irabu, lakini m na n zimeruhusiwa kusimama peke yake bila irabu yoyote na bado zikahesabika. Mfano ambao walimu hawauachi ni mbuni. Yule ndege mkubwa asiyeruka ni mbu-ni, silabi mbili, m na b zimeshikana. Mtu anayebuni kitu ni m-bu-ni, silabi tatu. Maandishi ni yaleyale, tofauti inakaa mdomoni. Ukiwa na mashaka na jina lolote, piga makofi huku unalitamka polepole: Mchinga ni makofi matatu, Msimbati manne, Mnazi matatu.

Mkazo nao hautazami kama silabi ina irabu au haina. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na hiyo ikiwa ni m au n tupu, basi ndiyo inayobeba uzito. Tamka mtu, tamka nchi, utasikia. Kwenye Mtwara mkazo uko kwenye twa, kwenye Mkapa uko kwenye ka. Rais huyo wa tatu, mzaliwa wa Lupaso huko Masasi, aliongoza nchi tangu 1995 hadi 2005, na kwa miaka yote hiyo redio za nje zilimwita Makapa. Sasa jina lake liko kwenye uwanja wa taifa wa mpira pale Dar es Salaam, kwa hiyo watangazaji wa nchi nyingine wanaendelea kulihangaikia kila timu zetu zinapocheza mechi za Afrika. Kwangu mimi kosa la mgeni linasameheka. Linaloudhi ni la Mtanzania mwenzetu anayesema mtoto na mkate vizuri kila siku, akifika kwenye jina la kusini anajifanya limemshinda.

Hata hivyo yako majina ambayo hata Mswahili mzoefu huyakosea, hasa yanayoanza na n mbili. Chukua Nnauye, jina la mbunge wa Mtama aliyewahi pia kuwa waziri. Mmoja atasoma Nauye, n moja imemezwa. Mwingine ataandika Mnauye, kwa sababu sikio lake limezoea mn kama ya mnazi na halijazoea nn. Dawa iko kwenye hesabu tuliyofundishwa darasa la kwanza: moja, mbili, tatu, nne. Anzia pale unapoanzia nne, yaani n-ne, kisha endelea: n-na-u-ye.

Hizo n mbili hazikuwekwa kwa mapambo. Katika Chimakonde, kile kiambishi ambacho Kiswahili hukitamka m hubadilika kulingana na sauti inayofuata. Mti mmoja ni nnandi, mingi ni milandi. Kwenye wingi l inaonekana waziwazi, lakini kwenye umoja nazali imeigeuza ikafanana nayo, na n mbili zikazaliwa. Lahaja mojawapo ya Wamakonde wa Tanzania inaitwa Chinnima, na humo ukidondosha n moja umeshaharibu. Chimakonde pia huvuta irabu ya silabi ya pili kutoka mwisho, ndiyo maana mzee wa Newala akitaja kijiji chake unasikia kama anakibembeleza kidogo kabla ya kukimalizia. Huo mvuto hauandikwi popote, na kwa kweli hakuna haja ya mgeni kuuiga; akiigiza inakuwa kama anadhihaki.

Sauti ya ng' ina matatizo yake. Ng'apa ni kata ya Manispaa ya Lindi ambako yanatoka maji yanayosambazwa mjini, na Likong'o ndiko kulikotengwa eneo la kiwanda cha kusindika gesi asilia. Majina yote mawili yana ile ng ya ng'ombe, siyo ya ngoma. Ukitamka ng', nyuma ya ulimi hugusa kaakaa laini, hewa inapita puani, ulimi unaachia, basi. Ukitamka ng, ulimi unapoachia kuna g inayopasuka. Mzawa husikia tofauti hiyo kama anavyosikia tofauti ya paka na baka. Mtu wa Dar es Salaam aliyekutana na Likong'o kwenye gazeti lililosahau alama atasema Likongo, na hana kosa, kasoma alichoandikiwa.

Nachingwea sioni ugumu wake, Na-chi-ngwe-a, ila aliyezoea kusoma Kiingereza huziona e na a pamoja akazifanya sauti moja.

Kutusikia vibaya hakukuanza na redio. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, na katika maandishi yake jina linasomeka Kulwa. Wareno walioiteka mwaka 1505 waliandika Quiloa. Mto unaotutenganisha na Msumbiji sisi tunauita Ruvuma, ng'ambo unaandikwa Rovuma, na hakuna aliyewahi kuukosa mto kwa sababu hiyo.

Safari hii tumewarudishia. Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria, mijusi wakubwa wa kale, huko Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya 1909 na 1913, wakaipeleka Berlin, ambako yule mjusi wa kimo cha zaidi ya mita 13 anaitwa Giraffatitan brancai. Jaribu kulisema hilo ukiwa na haraka. Lakini mwaka 2019 mifupa mingine ya Tendaguru ilipewa jina Wamweracaudia, kwa heshima ya Wamwera wa Lindi, na mwaka huohuo mjusi mwingine wa kale, wa bonde la ufa la Rukwa, akaitwa Mnyamawamtuka moyowamkia. Mtoto yeyote wa hapa analisoma mara moja na kucheka. Maprofesa wa Ulaya ndio wanaotafuta pa kuianzishia ile m.

Kwa mwenye jina lenye ng', kazi kubwa iko kwenye ile alama ndogo ya juu, ritifaa. Mifumo mingine ya kompyuta haiipokei: inaikataa kabisa, au inaigeuza kuwa alama nyingine. Karani anaamua kuiacha ili foleni isogee. Cheti cha kuzaliwa kinabaki na ng', kitambulisho kinatoka na ng, na siku ya kufungua akaunti ya benki au kufuatilia mirathi mwenye jina anaambiwa majina hayafanani, aende kwa wakili akaape kwamba yote mawili ni yake. Kwa hiyo ukijaziwa fomu, usiishie kulitamka jina. Litaje herufi kwa herufi, sema na "ritifaa", kisha omba uone kioo kabla karani hajabonyeza kuhifadhi. Mfumo ukiikataa, mwombe aandike kama lilivyo kwenye kitambulisho chako cha sasa, hata kama kimekosea, ili angalau karatasi zako ziwe na kosa moja.