Protini za mshtuko wa joto na kugawanyika kwa seli: maswali na majibu

Protini za mshtuko wa joto ni kitu gani?

Ni protini zinazolea protini nyingine. Kila protini huanza kama uzi mrefu wa asidi amino, na uzi huo haufai kwa lolote mpaka ukunjwe na kupata umbo lake. Samaki mkunje angali mbichi, wahenga walisema, na ndani ya seli ndivyo mambo yalivyo hasa: HSP70 (HSP ni kifupi cha jina lao la Kiingereza, heat shock protein) huudaka uzi ukiwa ungali unachomoza kwenye ribosomu, yaani kiwanda cha protini cha seli, ikauzuia usijisokote ovyo wala kunasana na jirani zake. HSP90 huja baadaye, kuzikamilisha zile zilizo legelege. Namba hizo ni uzito wa protini kwa kilodaltoni, kipimo cha uzito wa molekuli.

Kwa nini zikaitwa za joto?

Kwa bahati tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Mwitaliano Ferruccio Ritossa alikuwa akichunguza kromosomu za inzi wa matunda. Mtu mmoja maabarani akapandisha joto la inkubeta, na Ritossa akaona kromosomu zimevimba mahali pasipo kawaida, dalili kwamba jeni za hapo zimeamka. Alichapisha habari hiyo mwaka 1962. Protini zenyewe zikatambuliwa mwaka 1974. Kwa maoni yangu jina hilo linapotosha. Metali zenye sumu na ukosefu wa oksijeni huziamsha vilevile, na nyingi huwa kazini hata mwili ukiwa na nyuzi 37 za Selsiasi. HSP90 peke yake hufikia kama asilimia 1 hadi 2 ya protini za seli iliyotulia.

Zinahusianaje na kugawanyika kwa seli?

Hapa ndipo penye utamu. Seli ya mamalia hupitia hatua nne: katika G1 hukua, katika S hunakili DNA yake, katika G2 hujikagua, na katika M hugawanyika. Seli nyingi zinazokuzwa maabarani humaliza mzunguko huo kwa takriban saa 24, na M huchukua kama saa 1 tu kati ya hizo.

Safari hiyo huendeshwa na vimeng'enya vya kundi la CDK vikishirikiana na protini ziitwazo saiklini. Kimoja chao, CDK4, ndicho husaidia seli kutoka G1. Kikishatengenezwa huwa dhaifu, na HSP90 pamoja na msaidizi wake Cdc37 hukishikilia mpaka kikomae. Dawa ikiizuia HSP90, CDK4 hukosa mlezi na huvunjwavunjwa, na seli inaweza kukwama papo hapo ilipo.

HSP70 nayo ina zamu yake. Mwaka 1986 watafiti waliofuatilia seli za HeLa, yaani seli za saratani ya binadamu zinazokuzwa maabarani, waliona kiasi chake kikipanda seli zinapoingia hatua ya S, bila kupashwa joto lolote. Na kwa panya dume, aina ya HSP70 inayopatikana kwenye korodani ikiondolewa, seli zinazoelekea kuwa mbegu za kiume hukwama katikati ya mgawanyiko na kufa. Dume huyo huwa tasa. Jike asiye nayo huzaa kama kawaida.

Seli ikipatwa na joto kali, mzunguko huwaje?

Husimama, mara nyingi katika G1 au G2. Wakati wa utulivu, protini walezi huishikilia HSF1, yaani swichi ya jeni zao wenyewe. Joto likifika kama nyuzi 42 au 43, protini nyingi huanza kukunjuka, walezi hukimbilia majeruhi, na HSF1 hubaki huru. Molekuli za HSF1 tatu tatu zikaungana, zikashika DNA ndani ya kiini, na baada ya dakika chache jeni za walezi zikafanya kazi kwa kasi. Kunakili DNA kwa vifaa vilivyopinda kungekuwa kujitafutia maafa, kwa hiyo seli husubiri.

Si hatua zote zinazostahimili sawasawa. G1 ndiyo ngumu zaidi kuuawa na joto. S na M ndizo dhaifu. Katika M kromosomu zimefumbatana sana, kwa hiyo seli haiwezi kuamsha jeni za walezi kwa wepesi uleule.

Basi nijipashe joto ili nizipate kwa wingi?

Hapana. Mwili unaopita nyuzi 40 kwa sababu ya joto la nje, na mtu akachanganyikiwa au kuzirai, ni dharura: apozwe mara moja na apelekwe hospitali.

Madaktari wanazitumiaje katika saratani?

Kwa njia mbili. Ya kwanza ni kupasha uvimbe joto pamoja na mionzi. Seli zilizo katika S hustahimili mionzi lakini hushindwa na joto, hivyo tiba moja huzipata zile zilizoiponyoka nyingine. Katika utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2000, wagonjwa wa saratani ya shingo ya kizazi waliokuwa hai baada ya miaka 3 walikuwa asilimia 27 kwa waliopewa mionzi peke yake, na asilimia 51 kwa waliopewa vyote viwili. Vipindi vya joto huachanishwa kwa siku kadhaa, kwa sababu seli iliyopashwa jana imejaa HSP70 na leo ni sugu.

Njia ya pili ni kuizuia HSP90, kwa kuwa seli za saratani huitegemea mno. Japani iliidhinisha dawa ya namna hiyo, pimitespib, mwaka 2022, kwa aina moja ya uvimbe wa njia ya chakula. Kazi si rahisi: HSP90 ikizuiwa, HSF1 huachiliwa, na seli ya saratani huanza kujitengenezea HSP70 kwa wingi.