Kumuuzia Mwenye Alama ya Biashara Jina la Kikoa

Umesajili jina la nyumba yako ya wageni kule Shela liwe kikoa, yaani anwani ya tovuti yako, na leo kampuni yenye alama ya biashara inayofanana nalo inakuandikia ikilitaka. Kabla ya kujibu, linganisha tarehe mbili: ya usajili wa kikoa chako na ya alama yao. Alama zilizosajiliwa Kenya hutafutwa KIPI, taasisi ya serikali inayozisajili. Kama kikoa kilitangulia, ni vigumu kudaiwa kwamba uliwavizia. Kama alama ndiyo iliyotangulia, kusanya ushahidi wa biashara halisi: leseni ya kaunti, risiti za wageni, picha ya kibao mlangoni.

Wengi hunaswa kwenye bei. Kwa UDRP, utaratibu wa kuamua migogoro ya vikoa wa ICANN (shirika linalosimamia majina ya kikoa duniani), uliopitishwa 1999 kwa majina kama ya .com, kusajili jina hasa ili umuuzie mwenye alama kwa bei inayozidi gharama zako ni dalili ya nia mbaya. Basi usiwe wa kwanza kutaja kiasi. Jibu hivi: “Jina linatumika na halijawekwa sokoni. Mkiwa na ofa, tuandikieni.” Maneno “bila kuathiri haki” juu ya barua si kinga ya uhakika, majopo ya waamuzi wa kesi hizi huweza kuisoma vilevile. Na Kenya, tangu sheria ya makosa ya mtandao ya 2018, kutumia jina la mwingine bila haki kwaweza kukutoza faini ya hadi shilingi 200,000, kifungo cha hadi miaka 2, au vyote viwili.

Wao nao hupiga hesabu. WIPO, shirika la kimataifa la miliki bunifu linalosikiliza kesi za UDRP, humtoza mlalamikaji dola 1,500 kwa kesi ya jina 1 hadi 5 mbele ya mwamuzi mmoja, wakili mbali. Wewe una siku 20 za kujibu, na ukishinda unabaki na jina tu, fidia hakuna. Kesi yao ikiwa dhaifu, wakishatoa ofa dai gharama ya kuhama: kibao, kadi, tovuti mpya. Majina ya .ke yana utaratibu wake chini ya KENIC, msimamizi wa majina hayo.

Mkikubaliana, fedha zikae kwa mtu wa tatu hadi jina lihame. Usimpe mtu msimbo wa uhamisho, yaani nywila ya kulihamisha jina, kwa ahadi. Kabla ya hapo, badilisha anwani ya barua pepe kwenye benki, kwenye mitandao ya kuwekea vyumba na kwa msajili mwenyewe, kampuni uliyosajilia kikoa. Jina likishahama, mnunuzi anaweza kupokea kila barua inayotumwa kwa anwani zako za zamani, pamoja na viungo vya kubadilisha nywila. Andikeni pia kwenye mkataba kwamba barua za wageni zitaendelea kuelekezwa kwako kwa miezi 6.