Nyanya unatia lini? Siri ya makande yasiyogonga meno

Niliwahi kuitwa kwenye jiko la shule moja ya bweni. Makande yaliinjikwa saa moja asubuhi, na saa saba mchana maharage bado yalikuwa yanagonga meno. Mpishi alishaongeza maji, alishaongeza kuni, na sasa alikuwa anamlaumu aliyeleta kuni mbichi. Nikafunua sufuria: mchuzi mwekundu. Nyanya zilitiwa tangu mwanzo.

Mimi ni mtaalamu wa lishe, na wakati mwingi kazi yangu ni kushinda majikoni. Kila mama anayeniambia makande yanamaliza gesi, ninamuuliza: nyanya unatia lini? Tindikali ya nyanya, kama ya ndimu na ukwaju, hukaza pektini, ile gundi inayoshikamanisha chembe za maharage. Ikiwahi kuingia kabla maharage hayajalainika, utachochea mpaka magharibi.

Chumvi, kwa upande wake, inasingiziwa. Bibi yangu aliapa kwamba inakaza maharage, na sikuwahi kubishana naye akiwa hai. Lakini kijiko cha chumvi kwenye maji ya kulowekea hulainisha ganda. Adui ni maji ya kisima yenye chokaa nyingi, pamoja na maharage ya zamani yaliyokaa ghalani kwenye joto na unyevu. Hayo ya zamani hata ukiloweka siku mbili yatakusumbua, na ndiyo pekee ninayoyatilia magadi, tena kwa ncha ya kijiko. Magadi yakizidi, chakula kinanuka sabuni na vitamini B1 inaharibika.

Kwa watu sita ninapima nusu kilo ya mahindi makavu yaliyokobolewa na robo kilo ya maharage. Huku kwetu maharage ya njano huiva upesi kuliko mekundu. Ninaloweka usiku, kila kimoja na bakuli lake, asubuhi ninamwaga maji. Mahindi yanatangulia jikoni, maharage yanafuata baada ya nusu saa hivi. Kipimo changu ni kidole: ninaminya harage moja kati ya kidole gumba na cha shahada. Likipondeka bila ubishi, ndipo ninapokaanga kitunguu, karoti na hoho, kisha nyanya mpaka zikauke maji, halafu namimina yote sufuriani. Tui jepesi la nazi moja linaingia hapo. Tui zito ni la mwisho, moto mdogo, na usiondoke, maana likichemka kwa fujo linakatika.

Mwenye kikapu cha kuhifadhia joto, chakula kikamalizikie kuiva humo, atumie tu, kinaokoa mkaa mwingi. Ila maharage mekundu yana sumu ya asili ambayo haifi kwa joto la uvuguvugu. Yachemke kwa nguvu dakika 10 kamili ndipo uyafunike.

Kuhusu lishe, wazee wa Upare na makande yao hawakubahatisha, wala Wakikuyu na githeri yao. Protini hujengwa kwa vipande vidogo vingi: mahindi yana upungufu wa kimoja kiitwacho laisini, maharage yanacho tele. Kile ambacho maharage yamepungukiwa, methionini, mahindi yanakileta. Mtoto anayekula vyote viwili anapata protini iliyokamilika kuliko anayekula ugali mtupu, hata siku ambayo nyama haijaonekana nyumbani. Nyama ukiwa nayo, vipande vichache vya mfupa vinatosha kubadilisha harufu ya sufuria nzima.

Pika mengi kwa makusudi. Yakipoa kidogo yaweke kwenye friji, usiyaache juu ya jiko usiku kucha, na asubuhi uyapashe mpaka yachemke. Mimi kiporo hicho ninakinywea chai ya rangi. Watoto wangu wanakitaka na parachichi, na siku zote wanagombea ukoko.