Jibu Meseji ya Kliniki: Simu Inavyopunguza Safari na Gharama za Matibabu Vijijini

Kadiri huduma za afya kwa simu zinavyosambaa vijijini, lalamiko moja linazidi kutufikia sisi tunaozisimamia: "Niliambiwa nitapata daktari, nikaletewa meseji." Tunalipokea, lakini tunaomba ieleweke kwamba meseji ile ya kukuuliza hali ni huduma. Usipoijibu, hakuna mhudumu atakayejua kama umzima au umezidiwa.

Upo utafiti uliofanyika Kenya, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2010. Watu 538 waliokuwa wakianza dawa za kupunguza makali ya VVU waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilitumiwa kila wiki meseji ya neno moja: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa ajibu ndani ya saa 48, ama "Sawa" ama "Shida". Aliyejibu "Shida" alipigiwa simu na mhudumu, na aliyekaa kimya naye alipigiwa. Mwishoni, waliosema wamemeza dawa zao inavyotakiwa walikuwa asilimia 62 kwenye kundi la meseji, na asilimia 50 kwenye kundi lingine. Litazameni na neno lenyewe, "Mambo?" Halitaji ugonjwa wala dawa, kwa hiyo hata simu ikiwa mkononi mwa shemeji, siri ya mgonjwa haijatoka.

Watumishi nao huulizwa kwa simu. Tanzania, kati ya mwaka 2009 na 2010, vituo 129 katika wilaya tatu vilitumiwa meseji kila wiki vitaje dawa za malaria zilizobaki stoo. Wiki ya kwanza, asilimia 78 ya vituo vilikuwa vimeishiwa angalau aina moja ya dawa. Wiki ya 21 vilibaki asilimia 26, kwa sababu wilaya iliona upungufu mapema ikahamisha dawa kutoka kituo kimoja kwenda kingine. Anayeishi mbali na zahanati anajua maana yake. Kinachomuumiza ni nauli, na siku nzima ya shamba iliyopotea, halafu afike dirishani aambiwe dawa zimeisha.

Sasa tuseme wazi jambo linalotusumbua. Mtu anapiga, na neno la kwanza ni "nitajie dawa ya kifua". Hapana. Mhudumu wa simu hatakutajia dawa kabla hajajua hali ya mgonjwa, na hiyo si roho mbaya. Kikohozi cha mtoto kinaweza kuwa mafua ya kawaida au nimonia, na njia mojawapo ya kutofautisha ni kuhesabu pumzi. Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, mfunue kifua, washa saa ya simu na uhesabu kila kifua kinapopanda kwa dakika moja kamili. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akifikisha pumzi 50, au wa mwaka 1 hadi chini ya miaka 5 akifikisha 40, anapumua haraka kupita kawaida na apelekwe kituoni siku hiyohiyo. Namba hiyo ndiyo tunayotaka kuisikia.

Mjamzito anayetokwa damu, anayeumwa kichwa kikali, anayeona maluweluwe au aliyevimba uso asikae kusubiri meseji. Apige simu akiwa tayari njiani.

Simujanja si lazima. Menyu ya nyota na reli hufanya kazi kwenye kitochi bila intaneti.

Kuhusu siri, sheria ipo. Kenya kwa sheria ya mwaka 2019 na Tanzania kwa ile ya mwaka 2022 zinahesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Mhudumu anayepiga picha kadi ya mgonjwa na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp bila ridhaa anajiweka kwenye hatari ya faini au kifungo, na baraza la taaluma yake linaweza kumwajibisha kivyake. Kusema "nilikuwa naomba ushauri kwa wenzangu" hakutoshi kumtetea ikiwa jina la mgonjwa linasomeka. Na mwananchi asiyetaka tena meseji anaweza kuomba aondolewe. Matibabu yake kituoni hayafutwi kwa sababu hiyo.

La mwisho ni kubadilisha laini, na hapa wengi wanakosea. Laini ikikaa muda mrefu bila kutumika, kampuni ya simu inaweza kuigawa kwa mtu mwingine, na tarehe yako ya kliniki ikaanza kumfikia mgeni. Ukibadilisha laini, nenda na kadi yako ya kliniki, taja namba ya zamani ifutwe kwanza, kisha utaje mpya. Kama simu ni ya mume, dada au jirani, sema hivyo, iandikwe, na useme pia yapi yasitajwe kwenye meseji. Omba utumiwe meseji ya majaribio palepale, na usiondoke dirishani mpaka simu ilie.