Aliyebakwa halazimiki kuanzia polisi

Kuanzia Moshi mjini hadi Ngaramtoni, mwanamke aliyebakwa huambiwa jambo lile lile: aanze polisi, achukue PF3, fomu ya polisi ya matibabu, ndipo daktari amguse. Si kweli. Fomu hiyo ni ya ushahidi. Tiba ya dharura haiisubiri. Anaweza kwenda moja kwa moja hospitali ya Mawenzi (Moshi) au Mount Meru (Arusha), fomu ikafuata.

Saa ndizo zenye tatizo. Baada ya kipimo cha VVU, dawa za kuzuia VVU huanzwa ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi. Humezwa kila siku kwa siku 28. Wapo wanaoziacha njiani kwa sababu ya kichefuchefu, ilhali dawa ya kukituliza ipo, iulizwe. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba mwisho wake ni saa 120. Tukio la Ijumaa usiku likingoja kikao cha ukoo hadi Jumanne, zile 72 zimekwisha.

Asioge wala kufua kabla ya uchunguzi (akiwa ameshaoga, aende vilevile). Nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi. Ndani ya nailoni unyevu huotesha ukungu, na ushahidi huharibika.

Na kile kikao cha ukoo cha kuyamaliza kwa mbuzi na mbege (pombe ya ndizi)? Ubakaji ni jinai, ukoo hauna mamlaka ya kuufuta. Tangu 1998 sheria inaruhusu mahakama kutia hatiani kwa ushahidi wa mwathirika pekee, ikiridhika kwamba anasema kweli. Kwa mtoto, simu ya msaada 116 ni bure.